Kukusanya na Kutunza Data za Utafiti wa Kitabibu: Kuanzia Fomu Tupu hadi Kufunga Hifadhidata

Mtakwimu akifungua faili la utafiti uliokwisha na kukuta mshiriki mtu mzima mwenye kimo cha sentimita 17, ana njia mbili: kuuliza au kukisia. Kama kipimo kilichukuliwa miaka mitatu iliyopita, nesi aliyepima ameshahama na karatasi ya kliniki haionekani, njia imebaki moja. Kazi ya kusimamia data ni kuhakikisha hafikishwi hapo. Kila namba iliyomo kwenye hifadhidata iweze kufuatwa nyuma hadi kwa mtu aliyeipata, siku aliyoipata, na karatasi au mashine iliyoitoa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya timu ndogo: mtafiti mkuu, nesi mmoja au wawili, karani wa data, na mtakwimu anayepatikana kwa simu. Majaribio makubwa ya dawa huwa na idara nzima za kazi hii, lakini hatua ni zile zile.

## Hatua ya 1: Chora majedwali ya mwisho kwanza

Wengi huanza na fomu. Anza na ripoti. Chukua itifaki ya utafiti, soma malengo, kisha chora majedwali matupu yatakayoonekana kwenye ripoti ya mwisho: safu za makundi, mistari ya vipimo, nafasi za namba bila namba. Mwite mtakwimu siku hiyo, si siku ya kuchambua.

Sasa kila swali unalotaka kuweka kwenye fomu lijieleze: linaingia jedwali gani? Kama haliingii popote, wala halihitajiki kwa usalama wa mshiriki au kwa sheria, liondoe. Utasikia "tuliweke tu, huenda likatufaa baadaye." Swali la namna hiyo huchukua muda wa mgonjwa aliyechoka, huchukua muda wa nesi, na mwishoni hujazwa ovyo kwa sababu kila mtu anajua halina kazi. Fomu ndefu huharibu hata maswali mazuri yaliyomo ndani yake.

Kigezo kikuu cha matokeo kipe muda wake. Kuandika "shinikizo la damu" hakutoshi. Mkono upi? Mshiriki akae dakika ngapi kabla ya kupimwa? Mara ngapi, na kati ya vipimo vitatu utatumia kipi, wastani wa vyote au wa viwili vya mwisho? Majibu haya yakiandikwa kabla ya mshiriki wa kwanza, nesi wa kituo A na wa kituo B watapima kitu kimoja. Yakiachwa, kila kituo kitajitungia utaratibu wake, na tofauti hiyo hakuna hesabu itakayoiondoa.

## Hatua ya 2: Tengeneza fomu isiyoacha nafasi ya kubahatisha

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa hiyo tusiharakishe.

Swali moja libebe jambo moja. "Je, ana homa na kikohozi?" ni maswali mawili, mwenye homa bila kikohozi ajibu nini? Kipimo kiwe na uniti yake iliyochapwa pembeni ya kisanduku. Kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) ya 1.1 kwa miligramu kwa desilita ni takriban 97 kwa mikromoli kwa lita, kwa sababu kizidisho ni 88.4. Glukosi ya 5.5 kwa milimoli kwa lita ni karibu 99 kwa miligramu kwa desilita. Maabara mbili zikitumia uniti tofauti na fomu ikakaa kimya, mtu mzima wa afya ataonekana mahututi.

Tarehe 03/04/2024 ni tarehe 3 Aprili kwa mmoja na Machi 4 kwa mwingine, na hakuna atakayejua kosa lipo wapi kwa kuitazama tu. Weka mwezi kwa herufi, au tumia mpangilio wa mwaka, mwezi, siku. Amua pia mapema utafanya nini mshiriki anapokumbuka mwaka tu wa kugunduliwa ugonjwa. Akilazimishwa kutoa siku, utapata hifadhidata iliyojaa tarehe 1 Januari.

Saa iandikwe kwa mfumo wa saa 24. Mshiriki akisema alimeza dawa saa mbili usiku, fomu isome 20:00, na ubadilishaji huo ufundishwe na kurudiwa kwenye mafunzo. Katika utafiti unaopima kiwango cha dawa kwenye damu, kosa la saa sita ni kosa la kufuta matokeo.

Usimfanyie nesi hesabu asizopaswa kufanya. Andika uzito na urefu. Uwiano wake kompyuta itaupata yenyewe. Andika tarehe ya kuzaliwa pale inaporuhusiwa, umri utakokotolewa.

Kisanduku kitupu ni tatizo sugu. Hakisemi kama kipimo hakikufanyika, mshiriki alikataa kujibu, hajui, swali halimhusu, au nesi alisahau. Toa chaguo la kila hali. Lakini usitumie 99 au 999 kama msimbo bila kufikiri. Miaka 99 ni umri unaowezekana, na uzito wa gramu 999 kwa mtoto njiti unawezekana pia. Siku mtakwimu mgeni atakapopiga wastani bila kujua, misimbo hiyo itaingia kwenye hesabu kama namba halali. Orodha za "weka tiki kwa yote yanayohusika" nazo zina kasoro hiyo hiyo, kwa sababu pasipo na tiki hujui kama jibu ni hapana au swali halikuulizwa. Weka ndiyo na hapana kwa kila kipengele, hata kama ukurasa utaongezeka.

Majibu ya maabara yana mtego mmoja unaosahaulika. Kipimo cha wingi wa virusi kinaweza kurudi kikiwa "chini ya 20". Kama kisanduku kinapokea namba tu, karani mmoja ataandika 20, mwingine 19, mwingine 0. Weka visanduku viwili: kimoja cha alama (sawa, chini ya, zaidi ya) na kingine cha namba.

Fomu ikikamilika, ijaribu kwa watu wachache wasiohusika na kuiandika. Mpe nesi faili la mgonjwa na fomu, kaa pembeni, usimsaidie. Pale anaposita ndipo pa kurekebisha.

## Hatua ya 3: Andika kamusi ya data, kisha chagua mfumo

Kamusi ya data ni jedwali linaloeleza kila kigeu, yaani kila jibu au kipimo kinachorekodiwa: jina lake fupi, swali lenyewe, aina (namba, tarehe, chaguo, maandishi), uniti, misimbo na maana zake, mipaka inayokubalika, na fomu linakotoka. Bila kamusi hiyo, safu iitwayo "jinsia" yenye 1 na 2 haina maana kwa mtu yeyote aliyekuja baada yako.

Kuhusu mfumo, swali la kwanza huwa kama majedwali ya kawaida ya ofisi, ya programu kama Excel, yanatosha. Kwa utafiti wa kitabibu, hayatoshi. Mwaka 2020 nchini Uingereza, karibu matokeo 16,000 ya watu waliokutwa na Covid-19 yalichelewa kuingia kwenye ripoti na kwenye ufuatiliaji wa waliokutana nao, kwa sababu data zilipitishwa kwenye aina ya zamani ya faili la Excel lenye mwisho wa mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilikatwa. Mwaka huo huo, kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilieleza kuwa imebadilisha majina ya baadhi ya jeni, ikiwemo SEPT1 na MARCH1, kwa sababu programu hizo ziliyageuza kuwa tarehe. Na hata bila vituko hivyo, jedwali la kawaida halimlazimishi mtu kueleza nani alibadilisha namba, lini, na kwa nini. Panga safu moja tu na kuacha nyingine, na washiriki wote watakuwa wamebadilishana majibu.

Unahitaji mfumo wenye mambo manne: kila mtumiaji aingie kwa jina na nywila yake, ruhusa zitofautiane kwa kazi, kila badiliko liache kumbukumbu isiyofutika, na data ziweze kutolewa katika muundo wa kawaida. REDCap, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka 2004, hutumiwa sana na taasisi zisizo za kibiashara, na OpenClinica ni mfano mwingine. Kama matokeo yako yatapelekwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani, kuna kanuni yao kuhusu rekodi na saini za kielektroniki, iliyotolewa mwaka 1997 na inayojulikana kama Sehemu ya 11. Iulizie kabla ya kujenga chochote.

Mfumo ukishajengwa, weka ukaguzi wa papo hapo. Upo ukaguzi wa mipaka, kama jotoridi la mwili kuwa kati ya nyuzi 34 na 42, na ukaguzi wa mantiki: tarehe ya hudhurio isitangulie tarehe ya ridhaa, mwanamume asiwe na matokeo ya kipimo cha ujauzito, aliyefariki asiwe na hudhurio la wiki iliyofuata.

Lakini tahadhari na ukaguzi unaozuia. Mfumo ukikataa kabisa kusonga mbele kwa sababu shinikizo la damu ni 240, karani aliyechoka saa kumi jioni ataandika 220 aondoke. Umepoteza mgonjwa mwenye hatari na umepata namba ya uongo inayopendeza. Kataza yasiyowezekana tu. Yasiyo ya kawaida yatolewe onyo na nafasi ya kuthibitisha. Kisha ujaribu mfumo kwa washiriki wa kubuni, wakiwemo wa ajabu kwa makusudi: aliyezaliwa kesho, mwenye uzito hasi, aliyejitoa siku aliyojiunga.

## Hatua ya 4: Tenganisha mtu na data zake

Kila mshiriki apate namba ya utafiti siku anapotoa ridhaa. Namba iwe na msimbo wa kituo, nambari ya mfululizo, na ikiwezekana tarakimu ya uhakiki mwishoni ili kosa la kuchapa ligundulike. Usitumie herufi za kwanza za jina wala tarehe ya kuzaliwa kuitunga.

Rejista inayounganisha namba hiyo na jina ibaki kituoni, kwenye kabati lenye kufuli au faili lililosimbwa, mbali na hifadhidata. Fomu za ridhaa zikae mbali na fomu za utafiti. Na usidhani kuondoa jina kunatosha: sheria ya faragha ya afya ya Marekani, HIPAA, inaorodhesha aina 18 za vitambulisho, zikiwemo namba za simu, picha za uso na tarehe nyingi zinazomhusu mtu moja kwa moja. Mtu mwenye ugonjwa adimu katika eneo dogo anatambulika kwa umri na jinsia yake tu.

Picha za karatasi za maabara zinazotumwa kwenye makundi ya simu ni njia rahisi ya siri kuvuja katika tafiti ndogo, wala hakuna mdukuzi anayehitajika. Tenga njia nyingine rahisi kwa wafanyakazi kabla ya kuwakataza hiyo.

## Hatua ya 5: Kukusanya

Katika mafunzo ya utafiti wa kitabibu utakutana na kifupi ALCOA. Maana yake, data zijulikane aliyeziandika, zisomeke, ziandikwe wakati ule ule jambo linapotokea, ziwe za asili, na ziwe sahihi. Miongozo ya kimataifa ya utendaji bora, ICH E6, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1996 na kufanyiwa marekebisho yake ya tatu yaliyokamilika Januari 2025, imejengwa juu ya mawazo hayo hayo.

Kwa vitendo, la tatu ndilo huvunjwa zaidi. Nesi huandika vipimo kwenye kipande cha karatasi au kiganjani, akikusudia kuhamishia kwenye fomu jioni. Kipande hicho ndicho hati asilia, na kikitupwa umetupa ushahidi. Tengeneza orodha inayosema kwa kila kipimo hati asilia ni ipi: faili la mgonjwa, karatasi ya mashine, au fomu yenyewe.

Kosa kwenye karatasi hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha la zamani lisomeke, jibu sahihi linaandikwa pembeni, kisha herufi za majina na tarehe ya aliyesahihisha. Wino mweupe hauruhusiwi, kalamu ya risasi hairuhusiwi, kufuta na kuandika juu yake hakuruhusiwi. Weka pia daftari linaloonyesha nani ameruhusiwa kufanya nini, pamoja na mfano wa saini yake. Kama data zinahamishwa kutoka karatasi kwenda kwenye mfumo, vigeu muhimu viingizwe mara mbili na watu wawili tofauti, mfumo uonyeshe wanapotofautiana.

## Hatua ya 6: Matukio mabaya ya kiafya

Haya yana mwendo wake na hayasubiri zamu ya kusafisha data. Tofautisha ukali na uzito. Maumivu ya kichwa yanaweza kuwa makali sana bila kuwa tukio zito. Tukio huwa zito likisababisha kifo, likihatarisha maisha, likilazimu kulazwa au kuongezewa siku za kulazwa, likiacha ulemavu wa kudumu au mkubwa, au likileta kasoro ya kuzaliwa. Madaktari wanaweza kuongeza mengine wanayoona ni muhimu kitabibu. Fomu iwe na kisanduku cha kila kimoja.

Itifaki nyingi humtaka mtafiti amjulishe mdhamini (taasisi inayobeba dhamana ya utafiti) ndani ya saa 24 tangu apate habari za tukio zito. Kwa athari zito zisizotarajiwa zinazoshukiwa kutokana na dawa ya majaribio, mdhamini huwa na siku 7 kuripoti zilizoua au kuhatarisha maisha, na siku 15 kwa nyingine. Zile saa 24 zinaanza kuhesabika pale mtu wa timu anaposikia, hata kama kasikia kwa simu siku ya mapumziko.

Andika tukio kwa maneno ya daktari, kisha mtu aliyefunzwa alipatie msimbo wa kamusi ya kitabibu, kwa kawaida MedDRA. Ukimwachia kila nesi achague msimbo, ugonjwa mmoja utakuwa na majina sita.

## Hatua ya 7: Safisha kila wiki, usingoje mwisho

Karani au meneja wa data aendeshe ukaguzi kila wiki na kutuma hoja kituoni, yaani maswali kuhusu data zinazotia shaka. Hoja nzuri inaeleza kilichoonekana bila kumlisha mtu jibu. "Mshiriki 02-014, hudhurio la 3: uzito ni kilo 27, hudhurio la 2 ulikuwa kilo 72. Tafadhali angalia hati asilia na uthibitishe au urekebishe." Ukiandika "nadhani ni 72, rekebisha," utaletewa 72 hata kama mgonjwa amehama na huyu ni mtu mwingine aliyekuja na kadi yake. Usibadilishe data ya kituo wewe mwenyewe, hata kama kosa liko wazi kama mchana.

Hesabu umri wa hoja. Iliyokaa mwezi bila jibu kwa kawaida imekwama kwenye tatizo ambalo si la data: nesi ameacha kazi, au kabati la mafaili limehamishwa.

Zaidi ya hoja za mmoja mmoja, chora mgawanyo wa kila kipimo kwa kituo na kwa mpimaji. Tarakimu za mwisho za shinikizo la damu zinaeleza mengi. Mashine ya kidijitali hutoa tarakimu zote kumi karibu sawasawa. Mpimaji ambaye karibu namba zake zote huishia na 0 anakadiria. Vipimo visivyopanda wala kushuka kati ya hudhurio moja na jingine vinatia shaka zaidi kuliko vinavyoruka, maana miili ya watu haitulii hivyo. Nenda kwa upole. Mara nyingi utakuta kifaa kibovu, mara chache utakuta data za kutunga, na yote mawili huonekana kwa ukaguzi wa namna hii mapema kuliko kwa kusoma fomu moja moja.

Kila mwezi linganisha data zako na zile zinazotunzwa kwingine: matokeo ya maabara, orodha ya matukio mazito iliyo kwa mdhamini, kumbukumbu za dawa zilizotolewa na zilizorudishwa. Idadi zisipolingana, tafuta mtu, usitafute wastani.

## Hatua ya 8: Nakala rudufu na kazi ya uchambuzi

Weka nakala tatu, katika aina mbili tofauti za hifadhi, moja ikiwa mbali na jengo. Kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka: rudisha data kutoka kwenye nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni matumaini tu.

Data ghafi zilizotolewa kwenye mfumo haziguswi. Kila usafishaji wa uchambuzi uandikwe kama msimbo wa programu unaoweza kuendeshwa upya, ili kutoka faili ghafi hadi jedwali la ripoti kusiwe na hatua ya mkono. Na katika utafiti wa kificho, ambamo makundi ya matibabu hufichwa, anayesafisha data asijue nani yuko kundi gani.

## Hatua ya 9: Kufunga na kuhifadhi

Kabla ya kufunga hifadhidata, pitia na kuweka saini: mahudhurio yote yameingizwa au sababu imeandikwa, hoja zote zimejibiwa, misimbo ya matukio na dawa imekamilika, ulinganisho na maabara na orodha ya usalama umefanyika, mpango wa uchambuzi umesainiwa. Ndipo ruhusa za kubadilisha zinaondolewa kwa kila mtu, na ndipo kificho kinafunguliwa. Kugeuza mpangilio huo, yaani kujua makundi kisha kurekebisha data, kunaharibu utafiti hata kama kila rekebisho lilikuwa la haki. Kosa kubwa likigunduliwa baadaye, hifadhidata inaweza kufunguliwa tena, lakini kwa maandishi, kwa idhini ya zaidi ya mtu mmoja, na kwa kueleza kitu gani hasa kitabadilishwa.

Muda wa kuhifadhi hutegemea sheria na mkataba. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unadai faili kuu la jaribio la dawa litunzwe angalau miaka 25. Programu nyingi za leo hazitakuwepo wakati huo, kwa hiyo toa nakala katika muundo wa maandishi ya kawaida kama CSV, iambatane na kamusi ya data, fomu tupu za kila toleo, kumbukumbu ya mabadiliko, na misimbo ya uchambuzi pamoja na toleo la programu iliyotumika. Rejista ya majina ifuate kile ambacho washiriki walisomewa siku ya ridhaa: kama waliahidiwa itaharibiwa baada ya muda fulani, weka tarehe hiyo na jina la atakayeiharibu, na siku hiyo ikifika aandike hati ya kuthibitisha imeharibiwa.